Ngumi za Conjestina zilikuwa za nani?

Wadau, leo tuongee ngumi. Siyo za Mwakinyo wala mikwara ya Mandonga. Nataka tumzungumzie mwanadada wa kwa majirani, Conjestina Achieng.

Kwa wasiomjua, Conjestina alizaliwa mwaka 1977 huko Siaya, Kenya. Mwaka 2004 alimchapa Fiona Tugume wa Uganda akatwaa mkanda wa WIBF wa uzito wa kati, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kushika taji la kimataifa la ngumi. Kumbuka wakati huo ngumi za wanawake hazikuwemo hata kwenye Olimpiki. Ziliingia London 2012, na Kenya ikamtuma Elizabeth Andiego. Conjestina alikuwa ametangulia kwa miaka minane.

Kwetu ni Morotonga, pale Mugumu, wilaya ya Serengeti. Kenya si mbali, ukishapita Tarime unaikuta Sirari, na redio za ng'ambo zilikuwa zinasikika mpaka jikoni. Nilikuwa bado shule ya msingi. Na kwa kuwa Waluo tunao hapa hapa Mara, Conjestina akawa wetu bila kuomba kibali cha mtu. Wazee wakatania kwamba huyo ukimwoa, hakuna mwizi atakayesogelea zizi lako!

Tukacheka sana. Lakini chini ya utani ule kulikuwa na jambo zito. Kwetu mwili wa msichana una wenyewe wengi. Wapo wanaopanga akeketwe lini, na baada ya hapo wapo wanaohesabu ng'ombe wa mahari. Mpaka miaka hii Mugumu ina nyumba salama ya kuwahifadhi mabinti wanaokimbia kisu. Halafu redioni unamsikia mwanamke anayekula jasho la ngumi zake mwenyewe. Unaweza kufikiria tulivyotoa macho.

Ninachojiuliza sasa ni kama ngumi zile zilikuwa zake kweli.

Ngumi za kulipwa hazina mshahara. Bondia hulipwa pambano kwa pambano, na kwenye hela hiyo hiyo yumo kocha, yumo meneja, kuna chakula, kuna nauli, na kuna ndugu waliosikia matokeo redioni. Mwezi usio na pambano hauna hela. Na mwili nao unadai chake. Tangu mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kwamba bondia anayepigwa kichwani mara kwa mara anaweza kuharibika ubongo. Kwa hiyo hakuna promota anayeweza kusema hakuambiwa.

Kwenye miaka ya 2010 habari za Conjestina zikabadilika. Ikawa ugonjwa wa akili, kulazwa Mathari, michango na kamera nyumbani kwao. Mwaka 2022 Mike Sonko, aliyewahi kuwa gavana wa Nairobi, alimpeleka kwenye kituo cha matibabu Mombasa, na safari hiyo nayo ikawa video.

Sisemi ngumi ndizo zilizomuuguza. Mimi si daktari, na ugonjwa wa akili humpata hata mwalimu, hata padri. Ninachokataa ni ile ya vijiweni kwamba "karogwa". Ukishasema mtu karogwa, hakuna anayeulizwa kitu tena: si promota, si chama cha ngumi, si serikali. Mchawi anabeba madeni ya watu wote.

Na njia ile inaendelea kupitwa. Fatuma Zarika, Mkenya pia, alichukua mkanda wa WBC mwaka 2016 kwa kumshinda Alicia Ashley kule Michigan, akautetea Nairobi, akaja kuupoteza Meksiko mwaka 2019 mbele ya Yamileth Mercado. Wasichana wanaoingia ulingoni leo wana mifano mingi ya ushindi. Wanachokosa ni mfano wa kustaafu.

Maoni yangu ni haya. Sehemu ya malipo ya kila pambano iwekwe akiba kwa jina la bondia kabla hela haijagawanywa. Hapa Tanzania NSSF inawapokea hata waliojiajiri, kwa hiyo mlango upo. Vipimo vya kichwa vifanyike kila mwaka na alipie anayeuza tiketi. Na bondia akiugua, kamera zibaki nje ya geti. Mgonjwa naye mwili wake una mwenyewe, na mwenyewe ni yeye.

Tulimshangilia Conjestina kwa sababu alionekana kujimiliki. Itakuwa ajabu kama tutamfurahia mwanamke aliyewakimbia wenye kisu na wenye ng'ombe, halafu tukamwachia mikononi mwa wenye tiketi.

Nawaachia swali. Binti yako akikwambia leo anataka kuwa bondia, utamuuliza nini kwanza? Mimi nisingemuuliza atamwoa nani mtu wa ngumi. Ningemwambia alete mkataba tuusome wote.