Salaita: Kilima cha Wasio na Makaburi

Ukisimama kwenye mwinuko wa Kipevu baada ya sala ya Alfajiri, unauona mkondo wa Kilindini umetulia na winchi za bandari zimenyoosha shingo. Watoto wetu wanajua kuwa hapo hushushwa makontena. Ni wachache wajuao kwamba mwaka 1914 waliteremka hapo wanajeshi kutoka Bara Hindi, waliokuja kupigana vita vya Mwingereza na Mjerumani. Mizigo ilipokwisha kushuka na reli kufika mwisho wake, vilihitajika vichwa na mabega ya kuibeba. Vichwa hivyo vilikuwa vya watu wetu.

Baba yake bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa hapa Changamwe mwishoni mwa mwaka 1915, mwaka ambao serikali ilipitisha sheria ya kuwalazimisha watu upagazi. Bibi alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mwenziwe aliyerudi alisema kwamba alimwacha kambi ya Mbuyuni, njia ya Taveta, tumbo linamwendesha na hajiwezi. Tangu siku hiyo haikuja barua, wala mshahara, wala habari ya kaburi.

Shangazi yangu amepita miaka themanini, na ndiye aliyebaki na hadithi hii. Aliniambia, "Mwanangu, nipeleke nikapaone kabla sijafa." Basi Jumamosi moja ya Mfunguo Nne tukatoka, mimi, yeye, mke wangu na binti zetu wawili.

Tulipita Mariakani na Maungu, na Voi tukaiacha njia kuu ya Nairobi tukashika ya Mwatate na Bura. Baada ya Maktau barabara inakata mbuga ya Tsavo Magharibi, udongo mwekundu na miiba pande zote, na ndovu kwa mbali wamejipaka vumbi hilo hilo. Shangazi alitazama nje kitambo, kisha akauliza, "Hawa walikunywa nini?" Nikamweleza kuwa jeshi lililazimika kuvuta maji kwa mabomba kutoka milima ya Bura, kwa kuwa nchi ile ilikuwa kavu, na kwamba reli ya kutoka Voi ilijengwa kidogo kidogo kulifuata jeshi. Hakujibu. Aliifunga chupa yake ya maji akaiweka chini.

Salaita si mlima. Ni kilima kidogo kilichosimama peke yake katika uwanda wa miiba, mfano wa mnara uliojengwa makusudi. Aliye juu humwona kila ajaye, na mawingu yakifunguka huiona Kilimanjaro. Wajerumani waliiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914, wakaja kujichimbia hapa. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, pamoja na askari wapya wa Afrika Kusini, lilikishambulia kilima. Mizinga ilipiga kileleni, kumbe watetezi wengi walikuwa kwenye mahandaki chini ya kilima. Wale wa Afrika Kusini walipoteza watu zaidi ya 130, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, wakarudi nyuma kwa fujo.

Waliosimama imara kuwahifadhi walikuwa askari wa kikosi cha 130 cha Mabaluchi, ambamo Waislamu walikuwa wengi. Inasimuliwa kwamba wageni wale walikuwa wakiwaita makuli kwa dharau. Mabaluchi waliwarejeshea bunduki ya rashasha waliyoitupa, pamoja na ujumbe wa adabu wa kuwaomba wasiwaite tena jina hilo. Binti yangu mdogo alicheka aliposikia, nami nikamwambia aikumbuke: huko ni kulipa ubaya kwa wema na heshima yako ukabaki nayo. Mwezi uliofuata Wajerumani walikihama kilima, kikachukuliwa bila vita.

Kutoka hapo hadi Taveta si mbali. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha tukaenda kwenye makaburi ya kijeshi. Mawe yamepangwa safu, na kila jiwe lina jina na tarehe. Shangazi alipita safu moja baada ya nyingine akiwa amemshika mkono binti yangu, ijapokuwa maandishi yale hayasomi. Mwisho akauliza, "Wa kwetu yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Hesabu za serikali yenyewe zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wa Waingereza, wengi wao kwa maradhi ya tumbo, homa na lishe mbaya, si kwa risasi. Kwenye mnara wa Nairobi wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Sisi Mombasa tunao mnara wetu, zile sanamu za Jomo Kenyatta Avenue ambazo tunazipita kila siku. Lakini miguu na mikono haikuandikwa majina. Na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, ilhali Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Wakati wa kurudi tulisimama Mbuyuni. Shangazi akateremka, akajifunga mtandio vizuri, akasema, "Sasa tusalishe, tumsalie." Hapo moyo wangu uliingia uzito. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, anayemsalia maiti aliye mbali au aliyekwisha zikwa sharti awe alikuwa katika wanaowajibikiwa na sala hiyo siku ile maiti alipofariki. Sisi sote hatukuwa tumezaliwa. Nikamwambia kweli, kwa sauti ya chini.

"Basi hata sala ameikosa?" akauliza, na machozi yakamtoka.

Nikamwambia, "Shangazi, kambini hapakukosa Waislamu. Tuwadhanie wema kuwa walimsalia. Lililo letu ni dua na sadaka, na hayo yanamfikia." Tukasoma Yasini, tukamwombea yeye na wote waliolala chini ya vumbi lile bila alama. Sadaka tuliyotia nia kwa ajili yake ni ya maji.

Njiani Shangazi alitusimulia habari za mke wa mtu yule, mama yake bibi. Alikataa kukaa eda kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa mumewe amekufa, na alikataa kuolewa kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa ameachwa. Alikufa akijiita mke wa mtu. Wanavyuoni wamelizungumza jambo la mume aliyepotea. Kauli mpya ya Imamu Shafi ni kuwa mke angoje hadi ithibiti kufa kwake au talaka. Kauli yake ya kale, inayofuata hukumu ya Sayyidna Umar, ni kuwa angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, kisha yu huru. Hukumu hiyo iko mikononi mwa kadhi. Hata leo wako dada zetu ambao waume zao walikwenda Ughaibuni au baharini, habari zikakatika. Wasiachwe wametundikwa, si wake wala si wajane. Jamaa zao wawapeleke kwa kadhi, wala wasiwafanye waone haya.

Tulifika Kipevu usiku, taa za bandari zinawaka. Kabla ya kulala, binti yangu mkubwa alileta daftari, akamwomba Shangazi amtajie jina la yule mzee, la baba yake na la babu yake, naye akayaandika moja moja. Nanyi wasomaji wetu, waulizeni wazee wenu maadamu wako hai, muandike.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa bila kaburi kujulikana, kwani Yeye anajua walipolala. Amin.