Wino kwenye kanzu ya babu

Sisi tunaoishi nyumba za kupanga huku Uingereza tunayajua makochi yasiyo yetu. Umeikuta nyumba na fanicha zake, umetia saini orodha ya vitu, na dhamana yako imeshikwa. Kwa England, sheria iliyoanza kutumika 2019 inasema dhamana ya nyumba za kodi ya kawaida isizidi kodi ya wiki tano. Hizo si hela ndogo, ndiyo maana doa moja linaweza kukunyima usingizi.

Kwetu madoa yalikuja mawili, tena siku ya Idi. Mwanangu ana miaka 14, na mwaka huu kanzu ya marehemu babu yake imemkaa kwa mara ya kwanza. Ni ya pamba, nyeupe, imetariziwa shingoni kwa mkono, na ililetwa kutoka Unguja baada ya arubaini. Tulipotoka msikitini alikaa kochini, na peni iliyokuwa mfukoni ikavuja. Ubavu wa kanzu ukawa buluu, na mkono wa kochi nao ukapata alama kubwa kama sarafu.

"Mama, kanzu ya babu imeharibika," akaniambia, tayari ameinuka kwenda kuisugua kwa maji moto. Nikamwambia, "Ngoja mwanangu, ivue kwanza."

Wino wa peni ya kawaida ni rangi iliyochanganywa na mafuta. Maji peke yake hayauondoi, kusugua kunautandaza, na joto la pasi au la mashine ya kukaushia linaushikisha kwenye nyuzi. Unaouyeyusha ni spiriti, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa maduka ya dawa. Wino wa kalamu za kujaza, zile za shuleni, ni wa maji: huo uanze na maji baridi.

Tulifungua madirisha, tukazima jiko, kwa sababu spiriti hushika moto upesi. Tulijaribu tone moja kwenye pindo la ndani. Kisha tukatandika taulo jeupe chini ya doa, tukalowesha pamba kwa spiriti, tukawa tunagandamiza kutoka ukingoni kuelekea katikati. Wino ulishuka kwenye taulo, nasi tukawa tunalisogeza ili doa likae juu ya sehemu safi kila mara. Ilituchukua karibu saa nzima. Baadaye sabuni, maji baridi, na kuanika hewani. Kimebaki kivuli ambacho ni mimi tu nakijua kilipo.

Kochi lina masharti yake. Tazama lebo chini ya mto: W maana yake lisafishwe kwa maji, S kwa dawa isiyo ya maji, WS vyote viwili, X ni kufyonza vumbi tu. Letu lilikuwa WS. Usimwage spiriti juu yake, maana itazama kwenye sponji na kwenda na wino. Lowesha kitambaa cheupe kidogo, gandamiza, geuza, rudia. Likiwa la ngozi, tahadhari zaidi, kwani spiriti huweza kutoa rangi ya ngozi yenyewe.

Shangazi alinipigia simu kutoka Muscat akisema nitie limau na chumvi. Hiyo ni dawa nzuri ya kutu, si ya peni. Jiki nayo niliiacha kabatini, kwani inaweza kuliacha doa la manjano lisilotoka tena. Na dawa ya kufutia rangi ya kucha usiikaribishe kwenye kitambaa cha asetati, hukiyeyusha.

Waambieni watoto wasifiche doa. Wino mbichi una nafuu. Uliokaa wiki nzima nyuma ya mto ndio unaokula dhamana. Mwanangu alisema papo hapo, na nilimshukuru kwa hilo kabla hata sijaitafuta chupa ya spiriti.