Bei ya Ardhi Anaijua Nani?

Shangazi yangu ana shamba la ekari tatu wilayani Butiama. Humo mna mihogo, mtama, miembe minne na makaburi ya wazazi wake. Wathamini walipokuja kuorodhesha mali zitakazopisha mradi wa umma, nilikuwa nimetoka Musoma kumsalimia. Kijana mmoja alihesabu miembe, akapima nyumba, akaandika. Shangazi akamwuliza, "Mwanangu, na ardhi yenyewe umeiandika shilingi ngapi?" Kijana akataja kiwango. "Umekipata wapi?" Akajibu kwa adabu, "Mama, kumbukumbu za mauzo ya huku hatuna. Tunaulizia, kisha tunakadiria."

Shangazi akanigeukia. "Nanyi huko chuoni mnafundisha nini?"

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hiyohiyo, aliandika kijitabu cha *Mali ya Taifa* kupinga ardhi isigeuzwe bidhaa ya wenye fedha. Mwaka 1999, mwaka aliofariki, zilitungwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, ambazo zinakiri kuwa ardhi ina thamani na kwamba thamani hiyo izingatiwe katika kila muamala. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zikaongeza kuwa kipimo ni bei ya soko, na njia mojawapo ya kuithibitisha ni mauzo halisi ya karibuni ya mali zinazofanana.

Hapo ndipo penye pengo. Sheria inadai ushahidi ambao hatujaukusanya. Mauziano ya kijijini huishia kwenye karatasi iliyogongwa muhuri na mtendaji, kisha karatasi ikafungiwa sandukuni. Bunda, mji uliokaa juu ya barabara kuu ya kutoka Mwanza, viwanja hubadilisha wenyewe kila mara, lakini bei zake hubaki vichwani mwa madalali. Musoma mjini dalali hukuonyesha chumba akachukua kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Simlaumu, maarifa yale ndiyo mtaji wake. Ila ni maarifa yanayotokana na sisi sote, na asiyeyajua hupunjwa.

Nani agharamie utafiti wa kuyakusanya? Katika jimbo la Texas, Marekani, tangu mwaka 1971 kipo kituo cha utafiti wa ardhi na majengo katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na ada za leseni za mawakala wa nyumba na ardhi. Anayeruhusiwa kisheria kupata riziki sokoni huchangia kulimulika soko hilo, na takwimu za bei huwekwa wazi kwa kila mtu.

Jambo hilo si geni kwetu. Waajiri wetu hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na sehemu yake hugharamia VETA. Aidha, Sheria ya Uthamini Na. 7 ya mwaka 2016 imeunda Bodi ya Usajili wa Wathamini, na msajiliwa hulipa ada. Ninachopendekeza ni fungu dogo la ada hiyo, litajwe katika sheria, liende kwenye utafiti wa bei za ardhi vyuoni. Kwa kuwa wathamini ni wachache, fungu hilo litakuwa jembamba iwapo madalali nao hawatasajiliwa na kuchangia.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza, kwamba ada itahamishiwa kwa mteja. Huenda, lakini mteja huyo tayari analipa gharama kubwa zaidi, ya kununua na kuuza gizani. Ya pili ni nzito: wachangiaji wanaweza kutaka matokeo yawapendeze. Kwa hiyo wasipewe kauli juu ya nini kichunguzwe, wala matokeo yasifungiwe maktaba. Yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika ofisi ya kijiji.

Butiama sasa ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, na Dar es Salaam kipo Chuo Kikuu Ardhi, chenye wataalamu wa uthamini. Kimoja kipo karibu na mashamba, kingine kina elimu ya kuyathamini. Mfuko mmoja mdogo ungeweza kuvikutanisha.

Watumishi wa ardhi mnaosoma hapa, semeni rasimu hiyo ianzie meza ipi. Wanafunzi wangu, msiisubiri sheria: mkienda likizo, kaeni na mtendaji wa kijiji chenu, mwombeni mwaka, ukubwa na bei ya kila shamba lililouzwa, bila majina ya watu. Orodha ya kwanza itakayotoka Butiama nitampelekea shangazi mwenyewe. Alitia dole gumba kwenye ile fomu, lakini bado anaulizia.