Mikono ya Wakandaji wa Lamu

Mji wa Lamu, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba. Mizigo hubebwa na punda, mahamali na akina mama. Haishangazi kwamba humo ukandaji ni kazi yenye heshima.

Baada ya Alasiri tulimkuta mkandaji akipasha mafuta ya nazi. Hakuchua kwa nguvu. Alitanguliza viganja, akasubiri mwili ukubali. Joto na mguso wa taratibu hutuliza mishipa ya fahamu, msuli uliojikaza ukalegea, na maumivu yakapungua kwa muda. Ndiyo maana mzazi hukandwa katika arubaini yake.

Lakini mkono mwema hujua mpaka wake. Aliyezaa kwa upasuaji asikandwe tumbo kabla kidonda hakijapona. Na mzazi akivimba mguu mmoja, ukawa na joto na maumivu, asichuliwe kabisa: huenda damu imeganda mshipani, na donge laweza kupanda hadi mapafuni. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala tusimwambie avumilie.

Dada zetu, mwili ni amana. Tutaulizwa juu yake.