Nilimwita Mume Wangu Gizani

Kama umewahi kuishi Singida Mjini unajua Disemba yetu ilivyo. Mvua za kwanza zimeshapiga, vumbi limetulia, yale mawe makubwa yaliyotapakaa mjini yameoshwa yanang'aa. Jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu na halina haraka ya kuondoka mpaka inakaribia saa moja jioni. Siku ya Krismasi watu wakitoka kanisani utawaona watoto na nguo zao mpya, nyingine zimeshonwa kubwa makusudi ili mwakani zivaliwe tena, wanaelekea Ziwa Kindai kupunga upepo. Milango iko wazi. Harufu ya kuku inakufuata nyumba hadi nyumba, na kuku wa Singida wala si wa kuulizia.

Nimeanzia huku kwetu makusudi, msomaji, ili ukinisikia nalalamika huko mbele ujue nilitoka wapi.

Agosti 2008 nilikwenda Sweden kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, katika Chuo Kikuu cha Umeå. Enzi hizo vyuo vya Sweden havikutoza ada hata kwa sisi tuliotoka nje ya Ulaya. Ada ilikuja kuanza 2011, kwa hiyo mimi naweza kusema niliwahi basi la mwisho mwisho. Mtoto wetu wa miaka mitatu alibaki kwa bibi yake. Mume wangu, mwalimu wa sekondari, akaomba likizo bila malipo anifuate. Niambie ukweli, ni wanaume wangapi unaowafahamu wangefanya hivyo? Rafiki zake walimtania mpaka stendi: "Mwalimu, unakwenda kuolewa Ulaya!" Alicheka nao. Mimi nilidhani kweli anacheka.

Alitua mwanzoni mwa Oktoba, kwenye sanduku akiwa na lita mbili za mafuta ya alizeti, asali, na mlenda mkavu uliofungwa ndani ya soksi. Wiki ile ya kwanza tulikuwa kama watu wa fungate. Umeå ni mji mzuri, nisiudhulumu. Wenyewe wanauita mji wa miti ile yenye gome jeupe, kwa sababu baada ya moto mkubwa wa mwaka 1888 walipanda miti hiyo kwenye mitaa mipana ili siku nyingine moto usiruke nyumba hadi nyumba. Oktoba majani yake ni ya njano tupu. Tulipiga picha nyingi, tukazituma nyumbani, na watu wakajibu kwamba tumenenepa.

Halafu ikaja Novemba.

Watu wakiongelea Ulaya wanakutisha na baridi. Baridi ipo, tena ya kutosha. Ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri vinyweleo vya puani vinaganda na ukivuta pumzi unavisikia. Lakini baridi inavalika. Unavaa nguo ya kubana mwili, juu yake sweta, juu yake koti, soksi mbili, unatoka. Wenyeji wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Giza je, utalivalia nini? Umeå iko kaskazini kiasi kwamba ikifika wiki ya Krismasi jua linachomoza saa tatu na nusu asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshazama. Na hizo saa nne na ushee halipandi juu. Linapita pembenipembeni, usawa wa vilele vya miti, kama mgeni asiyetaka kukaribishwa ndani.

Mimi nilikuwa na chuo. Nilikuwa na vipindi, wenzangu, mahali pa kuwahi. Baba watoto hakuwa na kitu. Darasa la Kiswidi la bure kwa wageni lilikuwa linaanza Januari. Akatafuta kazi, akapata ya kusambaza magazeti usiku. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa la wanafunzi sitini wakimwitikia "shikamoo mwalimu," sasa anaamka saa saba usiku, anakokota kigari kwenye theluji, anapanda ngazi na kushuka, anatumbukiza magazeti milangoni. Huku Bongo tunaita kubeba maboksi na kucheka. Nikwambie, hakuna cha kuchekesha.

Anarudi saa kumi na mbili asubuhi, giza. Analala. Anaamka saa nane mchana, jua limeshazama. Unaona hesabu hiyo? Wiki nne mfululizo mume wangu hakuliona jua hata mara moja, na mimi, mwanafunzi wa afya ya jamii, nilikuwa nakaa maktaba nasoma jinsi mwanga unavyoongoza usingizi na hisia za binadamu, halafu narudi nyumbani namuuliza mbona amenuna. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Nimechoka." Nikaona ananionea wivu wa masomo. Niliwaza hivyo, na leo naona haya kuyaandika.

Siku ya Jumamosi, Disemba 13, nilikwenda kanisani kuangalia Lucia. Hii ni sikukuu ya mtakatifu wa Sicilia ambaye sijui vipi alihamia kaskazini akapendwa kuliko kwao. Kwa kalenda ya zamani usiku wake ulihesabika kuwa mrefu kuliko wote wa mwaka. Taa zote zinazimwa. Unakaa kwenye giza totoro, kisha kwa mbali unasikia sauti za wasichana, halafu wanaingia polepole wamevaa kanzu nyeupe na ukanda mwekundu kiunoni, na wa mbele ana taji la mishumaa kichwani. Mimi ni Mlutheri wa Singida, nimelelewa na kwaya zenye magitaa na ngoma, sikutegemea kulia kwa wimbo nisioujua hata neno. Nililia.

Nikarudi nyumbani mbiombio na mikate ya zafarani mfukoni, nimsimulie. Mezani nikakuta karatasi. Tiketi yake ya ndege, tarehe imebadilishwa. Januari 6.

"Kwa hiyo unaondoka?"

"Sijui," akasema. "Hapa mimi ni nani, mama watoto? Niambie. Kule nikipita mtaani naitwa mwalimu. Hapa nakaa nakusubiri wewe urudi unisimulie dunia."

Mikate ilibaki mfukoni. Tulilala tumepeana migongo, kwenye kitanda cha futi tatu na nusu, na kama unakijua kitanda cha aina hiyo unajua kwamba kununiana juu yake ni kazi.

Mkesha wa Krismasi tulikuwa tumealikwa na wazee wawili wa usharika wetu, mke na mume wastaafu. Kule sikukuu yenyewe ni tarehe 24, siyo 25. Sikutaka kwenda, yeye hakutaka kwenda, lakini tuliona aibu kukataa. Jambo moja nililipenda njiani: karibu kila dirisha lilikuwa na kinara cha taa saba, zimepangwa kama paa la nyumba, au nyota ya karatasi yenye balbu ndani. Na mapazia hayafungwi. Mtu anawasha taa dirishani kwake ili wewe unayepita nje kwenye theluji uone. Usidhani ni watu wa kukusalimia, hapana, kwenye basi anaweza kukaa pembeni yako mwezi mzima asikuambie neno. Lakini taa amekuwekea.

Tukavua viatu mlangoni. Saa tisa kamili kila kitu kikasimama, watu wazima na mvi zao wakakaa mbele ya televisheni kuangalia katuni za bata Donald. Si utani. Kipindi hichohicho kinarushwa kila mkesha wa Krismasi tangu miaka ya 1960, na wazee wanajua maneno kwa kichwa. Mume wangu akanitazama, mara ya kwanza baada ya siku kumi, na nikajua tunawaza jambo moja: tungesimulia Singida, nani angeamini?

Chakula sasa. Nyama ya nguruwe ya kuoka, vinyama vya mviringo, viazi vya krimu na visamaki, na samaki mbichi waliolowekwa kwenye siki na sukari. Hao wa siki niliwameza kama dawa. Mwisho ukaja uji mzito wa wali wa maziwa, ndani yake imefichwa punje moja ya lozi. Anayeipata, wanasema, ataoa au kuolewa mwaka unaofuata. Mimi nikawa naomba Mungu impate mjukuu wao. Ikampata mume wangu. Meza nzima ikacheka, bibi akapiga makofi. Yeye hakucheka. Akaitoa mdomoni, akaifuta kwa karatasi, akaiweka kwenye kisahani changu bila kuniangalia. Hakusema kitu. Wale wazee sidhani kama walielewa, lakini babu alimtazama kwa muda kidogo.

Tarehe 26, saa nne asubuhi, mlango ukagongwa. Babu yule, na kekee ndefu ya kutobolea barafu begani na viti viwili vya kukunja. Amemfuata mwalimu waende kuvua. Mume wangu alikuwa hajalala hata saa nne, nikajua atakataa. Akavaa.

Karibu na tulipokuwa tunaishi kuna ziwa linaitwa Nydala. Baridi ikikolea linaganda, watu wanatembea juu yake, wanateleza, wanasukuma vigari vya watoto. Baba watoto amekulia jirani na Kindai. Alivyonisimulia mwenyewe, alisimama ufukweni dakika nzima, mguu umekataa. Ziwa ni ziwa, mtu hukanyagi maji. Babu akatangulia, akaruka juu na chini kumwonyesha. Wakatoboa matundu mawili, wakakaa, ndoano majini. Hawakuwa na lugha ya kutosha kuzungumza, na nadhani hilo ndilo lililosaidia. Hakuna aliyemuuliza anasomea nini au anafanya kazi gani. Walikaa wawili wanaangalia matundu yao, na jua likipita juu ya miti upande wa pili, la rangi ya chungwa, kwa saa mbili na zaidi.

Alirudi na samaki wawili wa mistari, wadogo mpaka huruma. Mashavu yamewiva. Akaanza kuongea tangu anavua viatu. Tukawakaanga kwa mafuta ya alizeti, tukasonga ugali wa ule unga wa njano wa Kitaliano, tukachemsha mlenda wa kwenye soksi. Aliongea hadi saa ya kwenda kazini: habari za Kindai, habari za baba yake, habari za wanafunzi wake wa kidato cha nne aliowaacha njiani. Ndipo akaniambia kwamba wazazi wake wanaamini anafanya kazi ofisini. Nami nikamwambia kwamba nilikuwa nimeona hana raha tangu Novemba, ila niliogopa kuuliza kwa sababu jibu lingenigharimu shahada. Hiyo haikuwa rahisi kuitamka. Na hakuniambia "usijali." Alinyamaza kwanza.

Tiketi aliisogeza mbele, na adhabu ya kubadilisha tarehe akailipa kwa pesa ya magazeti. Tukapanga upya saa zake: analala jioni mapema, akitoka kazini anapumzika kidogo, lakini saa tano lazima awe nje, hata kama ni kuzunguka ziwa tu. Nilimnunulia na vidonge vya vitamini D, maana ngozi yetu nyeusi inahitaji jua jingi zaidi kuitengeneza na kule halipo. Kumbe wenyeji nao wanateseka na giza lao. Mwaka 2012, sisi tumesharudi, nilisoma kwamba kampuni ya umeme ya mji ule iliweka taa maalumu za tiba kwenye vituo vya basi kama thelathini. Nilimsomea kwa sauti. Akasema wamechelewa miaka minne.

Sikudanganyi kwamba kila kitu kilinyooka. Aliondoka Mei 2009, mtoto alikuwa anamhitaji mmoja wetu na yeye alilihitaji darasa lake. Kichekesho ni kwamba alipoondoka alikuwa analalamika hapati usingizi kwa sababu usiku haungii. Krismasi iliyofuata nilikuwa peke yangu. Saa tisa alasiri, kwetu saa kumi na moja, nilikwangua kadi ya simu, na mtoto akaniuliza, "Mama, baba anasema huko ni usiku. Mbona hujalala?" Nyuma yake nilisikia jogoo, na watu wakicheka kwenye jua.

Nilirudi Juni 2010. Kati ya vitu vichache nilivyobeba ni kinara cha taa saba, nilikinunua duka la mitumba kwa kroni 20. Plagi yake haikuingia kwenye soketi zetu, ikabidi tutafute adapta sokoni. Kila Disemba mume wangu ndiye anayekiweka dirishani, na anakiwasha saa kumi na moja jioni jua likiwa bado linawaka kama kawaida yake. Majirani wamechoka kuuliza. Mwaka jana fundi umeme aliyekuja kutengeneza swichi alimwambia, "Mwalimu, mbona taa hii haimuliki kitu?"

Akamjibu, "Iache hivyohivyo."