Kidole cha Shosho

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yangu ilikuwa fupi kweli: kutoka mlangoni petu hadi kwa Shosho muuza makaa, hatua zisizofika hamsini.

Mpenzi msomaji, mama yangu huuza chapati na madondo hapa Makadara, kando ya Jogoo Road. Sisi wa shule ya kutwa tukitoka darasani jioni, wengine huenda kusoma na wengine kucheza. Mimi huenda kibandani. Ijumaa moja muhula uliopita mvua ilinyesha, stima zikapotea mtaa mzima. Mama akaniachia kibanda akakimbilia unga dukani. Mara akaja jamaa mmoja amejifunika koti. Akala chapati nne na madondo, jumla shilingi 140. Nilipomwuliza kama atalipa kwa simu, akasema simu imezima. Akanipa noti ya 1000. Nikamhesabia chenji 860 nikijiona mfanyabiashara mkubwa. Akanishukuru kwa heshima zote, akatokomea gizani.

Usiku Mama alipokuwa akihesabu pesa, alinyamaza ghafla. Akaishika ile noti, akaigeuzageuza. "Hii ni feki," akasema. Hakunichapa wala hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jirani aliyekuwa ameketi nasi akacheka: "Si uipitishe tu! Wewe pia umepitishiwa." Mama akatikisa kichwa, akaiweka chini ya mkebe wa majani chai.

Lakini maneno ya jirani yalikuwa yameniingia. Asubuhi niliichukua noti kimyakimya nikaenda kwa Shosho. Kwa nini Shosho? Nitasema ukweli: kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Niliomba makaa ya shilingi 100, nikampa noti.

Shosho hakuitazama. Alipitisha kidole gumba juu yake mara moja, mara mbili. "Mjukuu wangu," akasema, "hii hainiambii kitu."

Akafungua fundo la leso, akatoa noti yake ya 1000. "Gusa hapa palipoandikwa KENYA." Nikagusa. Maandishi yalikuwa yameinuka, yakakwaruza kidole. Nikagusa yangu: laini kama karatasi ya daftari. "Sasa wewe mwenye macho iinue juani." Ndani ya noti yake kikajitokeza kichwa cha simba, na chini yake herufi CBK na thamani ya noti. Katika yangu simba alikuwa amechorwa juu juu tu, akionekana hata bila mwanga, tena amefifia kama paka mgonjwa. Nikazigeuza kidogo: ule uzi wa noti yake ukabadilika rangi, wangu ukabaki vilevile.

Kisha akaniuliza swali moja. "Ulijua kabla hujaja?"

Ulimi ulinikauka. Nikasema, "Ndiyo, Shosho."

"Basi leo mimi ndiye ningelala njaa," akasema, akanirudishia noti. Hakupiga kelele wala hakuita watu. Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama yote.

Jumatatu nilimwuliza mwalimu wetu wa Biashara siri ya mambo haya. Alinieleza kwamba maneno yale huchapishwa kwa bamba la chuma lililochongwa. Wino hujaa ndani ya michongo, karatasi ikakandamizwa kwa nguvu nyingi hadi ikauchukua, na ndiyo maana wino hubaki umeinuka. Simba naye hachapishwi kwa wino. Huwekwa wakati karatasi ingali majimaji, sehemu nyingine ikifanywa nzito na nyingine nyembamba. Mashine ya fotokopi huona uso wa karatasi tu. Haiwezi kuiga kilicho ndani wala kinachoguswa. Ndiyo sababu Benki Kuu hufundisha wananchi mambo matatu: gusa, tazama, geuza.

Noti hizi zenye jengo la KICC zilizinduliwa tarehe 1 Juni 2019, Sikukuu ya Madaraka. Moja ya sababu zilizotolewa za kuondoa noti za zamani za 1000 ilikuwa ni hofu ya noti bandia. Wakenya walipewa hadi 30 Septemba mwaka huo kuzibadilisha, na noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi kabisa. Kwa miaka mingi noti zetu zilichapishwa hapa hapa Nairobi, Ruaraka, na kampuni ya De La Rue. Mwaka 2024 zilitoka nyingine zilizochapishwa na kampuni ya Ujerumani, zenye nyuzi mpya zinazobadilika rangi, kila thamani na yake. Zile za 2019 bado ni halali, kwa hivyo usimkatalie mtu.

Mama aliipeleka ile feki benki. Wakaichukua, naye hakurudishiwa hata ndururu, maana noti bandia haina fidia. Hasara ilikuwa yetu. Na kumpitishia mwingine huku unajua ni kosa la jinai. Mahakama ya Makadara haiko mbali na kwetu, lakini sikuwa nimeifikiria hata kidogo nilipokuwa nikimwendea Shosho.

Nimewaza sana jambo hili. Yule jamaa wa koti simjui, na pengine naye alipitishiwa. Lakini aliyeipeleka noti ile kwa mzee asiyeona, akijua, namjua. Ni mimi. Uzi, simba na wino vyote vinaweza kumkamata mwongo, lakini haviwezi kumzuia asitoke nyumbani kwake.

Basi wenzangu, mkija kwetu kununua chapati msikasirike nikigusa noti yenu kwanza. Shosho bado hununua kwetu kila Jumamosi. Kila nikimpa chenji huipitisha kidole polepole, noti moja baada ya nyingine, kisha hutabasamu. Nami husimama nikingoja hadi amalize.