SIKU MOJA JUU YA MITI

Sisi tuliokulia Bahi tumezoea nchi tambarare. Kwetu kuna mbuga inayojaa maji wakati wa masika na kukauka kiangazi, mashamba ya mpunga, vichaka vya miiba, na mibuyu iliyosimama mbalimbali kama wazee waliokataa kuketi pamoja. Mti mrefu kuliko yote tunaoujua ni huo mbuyu, wala hakuna anayeupanda kwa starehe. Anayeupanda anatafuta ubuyu au asali. Kwa sababu hiyo, mwalimu wetu wa Jiografia alipotangaza kwamba klabu ya mazingira itasafiri kwenda kutembea juu ya miti, darasa zima liliangua kicheko. Tulikuwa kidato cha tatu, na tulidhani anatutania.

Hakuwa anatania. Mwalimu alitueleza kwamba katika Afrika Mashariki kuna misitu ambayo wageni huitembelea si kwa kupita chini ya miti, bali juu yake. Katika msitu wa Kereita nchini Kenya na msitu wa Mabira nchini Uganda, mgeni hufungwa mkanda imara kiunoni na mapajani, huning'inizwa kwenye roda, kisha huteleza juu ya waya wa chuma kutoka upande mmja wa msitu hadi mwingine. Hahitaji injini. Anaanzia mahali pa juu na kumalizia mahali pa chini, na uzito wake mwenyewe ndio unaomsukuma. Katika msitu wa Nyungwe nchini Rwanda kumejengwa daraja linaloning'inia juu ya bonde, lililofunguliwa mwaka 2010. Nasi Watanzania tuna njia yetu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Ilifunguliwa mwaka 2017. Ina urefu wa mita 370, na mahali pa juu kabisa iko mita 18 kutoka ardhini. Hapo mtu hatelezi. Anatembea kwa miguu yake juu ya madaraja ya kamba na waya, kutoka mti hadi mti.

Tatizo lilikuwa mchango. Mimi nalelewa na bibi, mama yake mama, na shamba letu la mpunga ndilo linalotulisha, kutuvisha na kunilipia mahitaji ya shule. Nilipomweleza habari ya safari, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mjukuu wangu, kwenda kuning'inia juu ya miti kunaleta daraja la kwanza au la pili?" Sikuwa na jibu. Baada ya siku mbili aliuza gunia moja la mpunga na kunipa fedha. Alisema neno moja tu: "Ukirudi, uniambie gunia langu limenunua nini."

Maneno hayo yalinikaa moyoni kuliko hofu ya kupanda juu. Wakati huohuo nyumbani palikuwa na shauri jingine. Mjomba alikuwa na mpango wa kukata mikwaju mitano iliyo kwenye ardhi ya ukoo ili achome mkaa. Mitatu ilikuwa ukingoni mwa mto Bubu, karibu na mahali tunapochepusha maji kuingia kwenye mfereji wa shamba. Miwili ilikuwa mbali, kwenye mwinuko. Bibi hakupenda mikwaju ikatwe, lakini mjomba alikuwa na watoto wawili wanaohitaji sare, madaftari na nauli. Alimwambia bibi kwa heshima, "Mama, kivuli hakilipi ada." Hakuna aliyeweza kumjibu.

Tuliondoka Bahi alfajiri, tukapita Dodoma mjini na kushika barabara ya kaskazini inayopitia Kondoa na Babati. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 400, hivyo tulipanga kulala Mto wa Mbu na kuingia hifadhini kesho yake. Mwalimu hakutuacha tusinzie. Tulipokaribia Kondoa alituuliza, "Maji ya mpunga wenu yanatoka wapi?" Tukajibu kwa pamoja kwamba yanatoka mto Bubu. "Na Bubu unayatoa wapi?" Tukanyamaza. Akanyoosha mkono kuelekea vilima vya nje ya dirisha. Akasema kwamba mto huo wa msimu hukusanya maji yake upande huu wa nchi, kisha hushuka hadi Bahi, na hapo safari yake huishia kwa kuwa mbuga yetu haina njia ya kutolea maji kwenda baharini. Kwa hiyo linalotendeka vilimani kwa watu wa Kondoa hutufikia sisi wa tambarare, liwe maji au liwe tope.

Alitueleza pia habari ya HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza mwaka 1973. Wakati huo sehemu kubwa ya vilima vya Kondoa ilikuwa imechimbika makorongo kwa sababu ya kukata miti, kulima bila kinga na kufuga mifugo mingi kuliko uwezo wa ardhi. Mwaka 1979 serikali iliamua kuondoa mifugo katika eneo lililoharibika zaidi. Haukuwa uamuzi mwepesi kwa wafugaji, maana kwa Mrangi kama ilivyo kwa Mgogo, ng'ombe ni akiba, ni mahari na ni maziwa ya watoto. Hata hivyo, majani na vichaka vilirudi taratibu, na udongo ukapata kitu cha kuushika. Niliandika hayo kwenye daftari bila kujua kwamba ningeyahitaji nyumbani kabla ya kuyahitaji kwenye mtihani.

Asubuhi ya pili tuliingia hifadhini. Jambo la kwanza nililoliona ni giza la kijani. Mikuyu mikubwa ilifungamana juu yetu, mikindu ilisongamana chini, na maji safi yalipita kwenye vijito kando ya njia. Nyani walikaa barabarani bila wasiwasi. Hondohondo walipiga kelele juu ya matawi. Upande wa magharibi ulisimama ukuta wa Bonde la Ufa, mrefu na mkali, kama ulivyochorwa kwenye kitabu.

Kabla ya kupanda, mwongozaji alitupa maelekezo kwa sauti ya upole lakini yenye amri. Idadi ya watu kwenye daraja moja ina kikomo. Kila mtu aache nafasi baina yake na aliye mbele. Mkono mmoja usiache kushika kamba. Tusitembee kwa hatua zinazolingana kama askari wa gwaride, kwa sababu hatua za watu wengi zikigonga kwa pamoja huongeza kuyumba kwa daraja.

Njia ilianza chini, ikapanda polepole kadiri tulivyosonga. Madaraja ya mwanzo yalikuwa rahisi, tukacheka na kutaniana. Lakini kila tulipofika kwenye jukwaa la mbao lililozunguka shina la mti na kuanza daraja jingine, ardhi ilizidi kwenda mbali. Kwenye daraja la juu magoti yangu yalianza kutetemeka. Mbao zilicheza chini ya nyayo, nyavu za pembeni zikatikisika, na nilipotazama chini niliona vilele vya miti midogo mahali nilipozoea kuona mizizi. Nikasimama. Rafiki yangu aliyekuwa nyuma hakunisukuma wala kunicheka. Aliniambia, "Hesabu mbao, usihesabu mita." Nikahesabu mbao moja moja hadi nikafika.

Nilipokwisha kupumua nikagundua kwamba daraja lote limelegea katikati, nikamwuliza mwalimu kwa nini hawakukaza waya ukanyooka. Aliniambia hilo ni swali la Fizikia, akalijibu papo hapo. Uzito wa mtu huvuta chini. Waya ukiwa na mbonyeo, nguvu iliyomo ndani yake huelekea juu kiasi na pembeni kiasi, na sehemu ile inayoelekea juu ndiyo inayobeba uzito. Ukiukaza waya hadi ukaribie kunyooka kabisa, sehemu inayoelekea juu inakuwa ndogo mno, hivyo mvuto ndani ya waya lazima uwe mkubwa sana ili kubeba uzito uleule, na waya unaweza kukatika. Tangu siku hiyo, nikipewa swali la vekta za nguvu, sichori mistari mitupu. Nachora lile daraja na mimi nikiwa katikati yake.

Lakini jambo lililonilipia gunia la mpunga lilisemwa kwenye jukwaa la mwisho. Mwongozaji alituuliza tunatoka wapi. Tulipotaja Bahi, alitikisa kichwa, akasema, "Basi nyinyi mnaijua nchi kavu. Mnadhani hapa mvua inanyesha mara ngapi zaidi ya kwenu?" Tulikisia mara tatu, wengine mara tano. Mwalimu akatupa takwimu. Dodoma hupata kwa wastani kati ya milimita 500 na 600 za mvua kwa mwaka. Eneo la Manyara hupata takriban milimita 650. Msitu wa mvua wa kitropiki, kama tunavyosoma darasani, huhitaji zaidi ya milimita 1,500. Tofauti kati ya Bahi na Manyara ilikuwa ndogo kuliko tulivyofikiri, na mvua ya Manyara peke yake haiwezi kuotesha msitu ule.

Siri yake iko chini ya ardhi. Mvua inayonyesha kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, zenye misitu, huzama kwenye miamba ya volkano iliyo na vinyweleo vingi. Maji hayo husafiri chini kwa chini, kisha hutokeza kama chemchemi kwenye kitako cha ukuta wa Bonde la Ufa. Miti niliyokuwa nimesimama juu yake ilikuwa inakunywa maji ya mahali pengine. Nikawaza kwamba Bahi nayo imo katika Bonde hilohilo la Ufa, na mpunga wetu nao unakunywa maji ya mahali pengine. Tofauti ni kwamba kule juu ya Manyara misitu imehifadhiwa, na sisi tulikuwa tunajadiliana kukata hata mikwaju ya mlangoni petu.

Wapo wanaosema kwamba matembezi ya juu ya miti ni anasa ya watalii wenye fedha. Kuna ukweli ndani yake. Wengi tuliokutana nao walikuwa wageni wa kutoka Ulaya na Marekani, na kama si kiingilio nafuu cha wanafunzi tusingefika. Aidha, wanaoishi kando ya hifadhi yoyote wanajua kwamba nyani na tembo hawana adabu wanapoona mahindi ya jirani. Hata hivyo, nililala Mto wa Mbu na nikaona vijana wanaoongoza wageni, akina mama wanaowapikia na mafundi wanaowauzia vinyago. Kwao msitu uliosimama ni kazi ya leo na ya kesho. Mkaa ungewalipa mara moja tu. Uhifadhi hudumu pale ambapo anayeambiwa asikate anapata kitu cha kuweka sufuriani. Asipopata, shoka litarudi usiku.

Niliporudi Bahi nilimwamkia bibi, nikamweleza yote, kuanzia makorongo ya Kondoa hadi chemchemi za Manyara. Mjomba alikuwepo. Sikumwambia kwamba amekosea, kwa kuwa mtoto hamfundishi mjomba wake kwa kumkosoa, na kwa kuwa ada ilikuwa inadaiwa kweli. Nilimweleza tu kwamba mizizi ya mikwaju ile mitatu ndiyo inayoshika ukingo wa mto, na ukingo ukimomonyoka, tope litaziba mfereji wetu. Nikaongeza kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe alikata miwili ya mwinukoni, akaiacha mitatu ya mtoni. Bibi akasema gunia lake limerudi nusu.

Nusu hiyo naikubali. Safari ya siku moja haiwezi kumaliza deni la ada wala kurudisha msitu. Nawe unayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne huenda usipate nafasi ya kufika Manyara, Kereita wala Mabira. Lakini una mto, mfereji, kisima au bomba linalokunywesha, na maji yake yana mahali yanapoanzia. Ulizia mahali hapo. Fahamu nani anaishi huko, miti gani imebaki na nani anailinda. Ukikutana na swali la vyanzo vya maji, mmomonyoko wa udongo au faida za utalii, andika kwanza kuhusu maji unayoyajua kwa jina. Mtahini husoma majibu mengi yaliyonakiliwa kutoka kitabu kimoja, na huona mara moja jibu la mtu aliyefuata mto wake hadi unakotoka. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nami naona kwamba anayetembea na swali hupata zaidi ya wote wawili.